Bakora, mbano au malipo: namna ya kuchagua njia ya kumfundisha farasi na punda

Hapa Unguja na Pemba, uamuzi wa namna ya kumfundisha farasi au punda mara nyingi haufanywi na mwenye mnyama. Hufanywa na jirani, na mchunga gari mkongwe aliyeitwa kuja kumtiisha, na vijana wa pwani waliozoea kuwapandisha wageni farasi, na wote hao kwa kawaida wanakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba mnyama asiyeogopa hafundishiki. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya yule ambaye moyo wake haulikubali neno hilo lakini hana jibu la kumpa anayelisema, na angependa kuzipima njia zote kwa haki kabla ya kushika moja. Mimi nimekwishachagua njia ya malipo na sitaificha rai yangu. Hata hivyo, wanaotumia njia nyingine si watu waovu, na baadhi ya wanayoyasema juu ya njia hii ni kweli, kwa hiyo nayo nitayataja.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ya bakora, ambapo mnyama hupigwa, hutishwa au hufungwa mpaka aache asilotakiwa kulifanya. Ya pili ni ya kubana na kuachia, ambayo ndiyo inayotumiwa na wapanda farasi wengi duniani: mguu wa mpandaji hugusa ubavu, kigwe huvutwa, kamba hukazwa, na mnyama anapotii, mbano ule huondolewa. Ya tatu ni ya malipo, ambapo mnyama hupewa kitu anachokipenda kila anapofanya jambo linalotakiwa. Zote tatu zinaangukia chini ya kanuni aliyoieleza mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike mwaka 1898, baada ya kuwafungia paka katika visanduku na kuwatazama wakijifunza kutoka: tendo linaloleta matokeo ya kuridhisha hurudiwa, na lisiloyaleta hufifia. Kwa hiyo swali halihusu kama bakora inafanya kazi au haifanyi, kwani kila njia hufundisha kitu. Swali ni kitu gani kinachofundishwa.

Anachojifunza mnyama

Bakora ina faida moja isiyopingika, nayo ni kwamba hukatisha tendo papo hapo. Punda aliyesimama barabarani na gari la mchanga huondoka akipigwa, na aliyempiga huamini kwamba amemfundisha. Lakini kipigo humwambia mnyama aache, hakimwambii afanye nini badala yake. Isitoshe, ili kifundishe chochote ni lazima kiangukie pale pale lilipo tendo, ndani ya sekunde moja au mbili; kikichelewa, mnyama hukihusisha na kile alichokuwa akikifanya au kukitazama wakati huo, na mara nyingi anachokitazama ni wewe. Ndiyo maana farasi aliyekimbia kondeni, akakamatwa kisha akachapwa, siku ya pili huwa mgumu zaidi kukamatwa, kwa sababu kwa hesabu yake alichoadhibiwa kwacho ni kule kukamatwa.

Kuna wanaosema ngozi ya farasi ni nene na haisikii sana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha matokeo ya kulinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu kwa hadubini, na hawakuona tofauti ya maana katika wingi wa ncha za mishipa ya fahamu zilizomo katika tabaka la juu, ambalo ndilo linalopeleka habari za maumivu. Wala si lazima kungoja hadubini: nzi mmoja akitua ubavuni mwa farasi, ngozi ya mahali pale pale hutetemeka. Mnyama anayesikia uzito wa nzi anasikia henzerani. Kinachobadilika ni kwamba huizoea, na mwenye kupiga hulazimika kuongeza nguvu kila baada ya muda ili apate matokeo yale yale aliyoyapata mwanzo.

Hatari kubwa zaidi ya bakora imo katika yale yasiyoonekana. Farasi anayepigwa kila anapolaza masikio nyuma haachi kuogopa. Huacha kulaza masikio, na siku ya siku hung'ata bila kutangaza. Tena yupo mnyama anayefika mahali akaacha kujibu kabisa, akasimama ameinamisha kichwa huku akifanyiwa lolote, na watu wakasema huyu sasa ametulia. Mwanasaikolojia Mmarekani Martin Seligman na wenzake waliionesha hali hiyo kwa mbwa mwaka 1967: mbwa waliopewa maumivu wasiyoweza kuyaepuka hawakujaribu kuyakimbia hata baadaye, walipofunguliwa njia. Huo si utulivu, ni kukata tamaa, na tofauti kati ya viwili hivyo ni jambo ambalo kila anayeshika mnyama anapaswa kujifunza kulitambua machoni, puani na masikioni mwake.

Kwa punda kosa hili hufanyika zaidi kuliko kwa farasi, na sababu yake iko katika asili yake. Asili ya farasi ni kukimbia anaposhtuka. Punda, ambaye wazee wake walikuwa wanyama wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, akiona asichokifahamu husimama akakitazama. Ukimpa muda wa kufikiri, hupita. Ukimpiga, unamthibitishia kwamba mahali pale pana hatari, na kesho atasimama hatua kumi kabla ya kufika. Sifa ya ukaidi aliyopewa punda imetokana kwa sehemu kubwa na watu kutojua kwamba kusimama kwake ndiko kuogopa kwake.

Njia ya kubana na kuachia haistahili kutiwa chungu kimoja na bakora. Ikishikwa na mkono unaojua, ni njia safi na ya haraka, na mnyama haumii: mbano huanza na uzito wa kidole, naye hujifunza kujibu kidole. Fundi wake anajua kwamba kinachofundisha si kule kubana bali kule kuachia. Udhaifu wake ni kwamba inategemea mno mkono wa kila anayeshika kigwe. Farasi wa pwani ya Nungwi au Paje anayepandwa na mgeni mpya kila alasiri hukutana na watu wanaovuta kigwe ili wasianguke na hawakiachii kabisa. Lijamu, yaani chuma cha mdomoni kinachofungwa kigwe, hukaa juu ya ufizi ulio kati ya meno ya mbele na ya nyuma, mahali ambapo mfupa umefunikwa na ngozi nyembamba tu, na mbano usiokwisha mahali kama hapo humfundisha farasi kuupuuza, au kurusha kichwa, au kukimbia akiukimbia. Hapo ndipo mbano unapogeuka kuwa bakora ya mdomoni.

Katika njia ya malipo, mnyama hufanya jambo sahihi, husikia sauti moja isiyobadilika, kwa mfano mlio wa ulimi unaogongwa kwenye kaakaa, kisha hupewa kipande kidogo cha chakula. Sauti hiyo ndiyo kiini cha njia yenyewe, kwa sababu chakula hakiwezi kufika mdomoni wakati ule ule mguu unapoinuliwa, lakini sauti inaweza kufika sikioni. Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner nchini Marekani, walianza kazi ya kuwafundisha wanyama kwa namna hii katika miaka ya 1940, na baadaye ikaenea kwa wanaofundisha pomboo, ambao, kama ajuavyo kila aliyefika Kizimkazi, hawatiwi hatamu wala hawapigwi bakora: pomboo akichukizwa huzamia akaenda zake.

Kwa upande wa farasi, mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, wakiongozwa na Carol Sankey, walichapisha matokeo ya kuwafundisha farasi wachanga kusimama tuli kwa amri ya sauti huku wakiguswa na kushughulikiwa, baadhi wakilipwa chakula na wengine wasilipwe. Waliolipwa walijifunza upesi zaidi, wakakumbuka vizuri zaidi baada ya miezi, na wakawa wepesi zaidi kuwasogelea watu, hata mtu wasiyemjua. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa maana mnyama wa kazi katika visiwa vyetu hubadilisha mikono mara nyingi.

Mnyama anapokataa

Hapa ndipo njia hizi zinapotengana hasa, na hapa ndipo ningemwomba msomaji asipite haraka. Tuseme punda aliyekuwa akivuta gari la mawe bila shida anasimama asubuhi moja na hataki kwenda. Kwa mwenye bakora kukataa huko ni uasi, na uasi una dawa moja. Kwa mwenye malipo ni habari. Mnyama ambaye jana alifanya kazi kwa hiari na leo hataki, ilhali hakuna kilichobadilika katika malipo yake, amebadilika yeye mwenyewe, na kazi ya mwenye mnyama ni kutafuta wapi: kidonda chini ya matandiko, kamba iliyokata kifuani, jiwe katika ukwato, jino lililochongoka likawa linakata shavu, mzigo uliopita kiasi, au joto. Punda hasa ni mnyama anayeficha maumivu, na dalili zake huwa ndogo mpaka ugonjwa uwe umekwenda mbali; kuacha kula tu ni jambo la kumwitia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu punda asiyekula anaweza kujaa mafuta katika damu na kufa. Ukimpiga akaondoka, hukuondoa sababu, umeondoa dalili yake, na dalili ndiyo uliyokuwa ukiihitaji.

Faida ya pili inaonekana siku ya matibabu. Mnyama aliyefundishwa kwa malipo kuinua mguu, kufungua mdomo, kuguswa masikioni na kusimama kwa sindano hahitaji watu wanne wa kumwangusha na kumfunga. Kufundisha hayo si jambo gumu. Unaanza kwa kulipa mguso wa mkono begani, kisha mkono unaposhuka hadi gotini, kisha anapohamisha uzito wake upande wa pili, kisha ukwato unapoacha ardhi kwa muda mfupi tu, na hatua mpya haianzwi mpaka iliyotangulia imekuwa nyepesi kwake. Ukwato ukishainuka, huongezwa muda, na baada ya hapo huletwa kisu cha kukatia kwato. Kwa bakora ukwato huo huinuliwa siku ya kwanza. Lakini huinuliwa kwa vita siku ya kwanza, na siku ya mwisho vilevile.

Wanayoyasema watu

Anayeshika njia hii katika mtaa wowote wa kwetu ajiandae kusikia maneno, na maneno hayo hayalingani uzito.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba mnyama anayelishwa kwa mkono atakuwa mng'ataji. Hili ni kweli kwa yule anayegawa chakula ovyo, anayempa farasi karoti kwa sababu amempapasa mfukoni, maana kwa kanuni ile ile ya Thorndike amemlipa kwa kupapasa. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa ni adabu ya chakula: simama kando ya mnyama ukiwa na chakula kwenye mkoba, ngoja, na wakati anapogeuza uso wake kuelekea mbele, toa sauti na umpe. Chakula hutolewa juu ya kiganja kilichonyooshwa, mkono ukiwa mbali na mwili wako, kwa kuwa farasi haoni kilicho chini kabisa ya pua yake na hukitafuta kwa mdomo wa juu na sharubu zake. Asiyetaka kulifanya somo hili kwa uvumilivu heri asiishike njia ya malipo, na mkosoaji wake atakuwa amesema kweli.

Wengine husema mnyama wa namna hii hufanya kazi akiona chakula tu. Mwanzoni malipo hutolewa kila mara. Jambo likishakuwa imara hutolewa mara moja moja tu, bila mpangilio anaoweza kuubashiri, na tendo lenyewe huzidi kushikamana. Zaidi ya hayo, chakula si malipo pekee. Farasi hukunana wao kwa wao pale shingo inapokutana na mgongo, na kukunwa hapo kwa vidole kumeonekana kupunguza mapigo ya moyo wao. Kupumzika kivulini ni malipo pia.

Yapo yale ya methali. Asante ya punda ni mateke, husema mpita njia, na hapo huona amemaliza. Namjibu kwamba teke la punda karibu kila mara lina historia, na anayetaka kuijua atazame alama zilizo mgongoni mwake.

Neno ninalolisikitikia ni lile la kwamba haya ni mambo ya Kizungu, ya hotelini. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimpanda ngamia mkorofi akawa anamrudisha huku na huku, na Mtume, rehema na amani zimfikie, akamwambia ashikamane na upole. Humo humo imepokewa katazo la kumpiga mnyama usoni na kumtia chapa usoni, na aliyetajwa akiwa na chapa hiyo alikuwa punda. Aya ya 8 ya Surat An-Nahl inawataja farasi, nyumbu na punda kwamba tumeumbiwa ili tuwapande na wawe pambo. Mgiriki Xenophon, aliyeandika juu ya farasi kiasi cha miaka 350 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alisema kwamba anachokifanya farasi kwa kulazimishwa hakielewi na wala hakipendezi. Na farasi wenyewe si wageni Unguja: Bibi Salme, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, alisimulia jinsi watoto wa baba yake, Sultani Sayyid Said, walivyofundishwa kuwapanda. Maabara za Marekani na Ufaransa zimetoa maelezo ya kwa nini upole unafundisha. Amri ya upole tulikuwa nayo.

Kuhusu hofu kwamba bila kiboko farasi hatakwenda mbio, Norway ilipiga marufuku mwaka 1982 kuwachapa farasi katika mashindano, na mashindano yanaendelea.

Liko moja ambalo halina jibu jepesi, nalo ni siku ya hatari. Farasi aliyeshtuliwa na daladala katika barabara ya Mkokotoni hatakumbuka karoti, kwani mnyama aliyepatwa na hofu kubwa hali chakula. Hapo inahitajika kamba, kigwe na mkono unaomshika, na ni lazima awe amekwishafundishwa, katika siku za utulivu, kuujibu mbano. Kwa sababu hiyo mimi siitengi njia ya pili na ya tatu: namfundisha mnyama kujibu mguso mwepesi wa kigwe, nauachia mara tu anapojibu, kisha namlipa. Wapo wanaoshika malipo matupu bila mbano wowote, nami nawaheshimu, lakini kwa mnyama anayetembea kati ya pikipiki na watoto wa skuli sioni kwamba inatosha.

Gharama na mahitaji ya hapa kwetu

Bakora haina gharama ya kununua. Malipo yana gharama ndogo, nayo yanahitaji akili katika kuchagua chakula. Vipande vya karoti vyenye ukubwa wa kidole gumba, majani mabichi yaliyokatwa au nyasi kavu vinatosha, hasa kwa punda, ambaye hunenepa upesi na unene wake humletea maradhi ya kwato. Tende na miwa wanavipenda mno, lakini sukari yake ni nyingi, kwa hiyo viwekwe kwa ajili ya jambo gumu kama sindano, na tende itolewe kokwa. Pumba za mpunga zisigeuzwe kuwa malipo ya kila siku, kwa sababu zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na farasi anayelishwa pumba kwa wingi huweza kudhoofika mifupa mpaka uso ukavimba. Wala mnyama asishindishwe njaa ili apende kufanya kazi. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na limeumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku. Ale nyasi zake kwanza, ndipo somo lianze.

Kwa upande wa muda, dakika tano hadi kumi, mara moja au mbili kwa siku, hufaa kuliko saa nzima. Katika kaskazi, joto na unyevu vikizidi, somo liwe alfajiri au baada ya alasiri jua likishapungua.

Nani achague ipi

Mwenye mnyama mchanga ambaye hajashikwa na mtu, na ambaye ataweza kuwa naye kila siku, aanze na malipo moja kwa moja na aongeze mbano mwepesi baadaye. Aliyenunua farasi mkubwa aliyekwishafundishwa vizuri kwa mbano hana haja ya kuanza upya. Aendelee na lugha mnyama anayoijua, na atumie malipo kwa kwato, sindano na yale anayoyaogopa. Mwenye punda aliyetoka katika mikono ya kipigo ategemee kwamba mwanzoni mnyama huyo hatafanya lolote, kwa kuwa amejifunza kwamba kujaribu kunaumiza, na kulipa hata kugeuza sikio kwake si kudekeza. Anayemkabidhi mnyama kwa kijana wa kuajiriwa amfundishe kijana kabla ya mnyama, amlipe ujira wa kuridhisha, na wakubaliane wazi kwamba bakora haiingii bandani hata asipokuwapo. Na asiyeweza kupata dakika zile kumi za kila siku, wala mtu wa kumwamini azipate kwa niaba yake, aahirishe kununua.